Alexander von Humboldt: mtu aliyesoma mlima kupitia vijito vyake

Kila kiangazi, katika vipindi vyetu vya mazingira, swali moja hurudi: kijito kilichokuwa kikitiririka mwaka mzima kimepungua, nani amekimaliza? Wapo wanaowalaumu waliokata miti mlimani. Wapo wanaowanyooshea kidole wenye pampu za kumwagilia. Wapo wanaosema ni mikaratusi. Na hawakosekani wanaoamini kuwa maji yamehama tu, yamepita chini kwa chini na kwenda zake.

Mwezi Februari mwaka 1800, wakazi wa bonde moja huko Venezuela, Amerika ya Kusini, walikuwa na swali kama hilo. Ziwa lao lilikuwa linarudi nyuma mwaka hadi mwaka, na hawakuelewa kwa nini. Aliyewajibu ni mgeni mwenye umri wa miaka 30 kutoka Prussia, nchi ya zamani ambayo sehemu yake leo iko Ujerumani. Jina lake ni Alexander von Humboldt. Jibu lake liliingia katika vitabu, na mpaka leo mtu anaposema kuwa kukata misitu ya milimani kunaharibu maji ya bondeni, mara nyingi anarudia hoja ya Humboldt hata kama hajawahi kulisikia jina hilo.

Katika makala haya tunaeleza alikuwa nani, aliona nini, na ni wapi sayansi ya leo inamuunga mkono au kumsahihisha. Tumemchagua kwa sababu mambo mawili aliyoyaona katika safari moja, yaani mwendo wa maji na rangi ya maji, ndiyo ambayo wataalamu wa vijito vya milimani wanayapima hadi leo.

Mtoto aliyependa mawe na majani

Humboldt alizaliwa Berlin tarehe 14 Septemba 1769. Baba yake alikuwa afisa wa jeshi aliyepata nafasi katika ikulu ya Prussia, naye alifariki mwaka 1779, Alexander akiwa na miaka 9. Alilelewa na mama yake, Marie Elisabeth, mwanamke mwenye mali na mkali katika masomo. Kaka yake, Wilhelm, baadaye alijulikana kama mtaalamu wa lugha na mmoja wa waliokianzisha Chuo Kikuu cha Berlin.

Wilhelm alipenda vitabu. Alexander alipenda kutoka nje. Alirudi nyumbani na mifuko imejaa mawe, wadudu na majani, hata watu wa nyumbani wakamtania kwa kumwita mfamasia mdogo. Mama alitaka awe mtumishi wa serikali, na kijana akatafuta njia ya kumridhisha mama bila kuacha kile anachokipenda. Mwaka 1791 aliingia chuo cha madini cha Freiberg, na mwaka uliofuata akaajiriwa kuwa mkaguzi wa migodi.

Kazi hiyo ilimfundisha jambo ambalo wengi waliosafiri kama yeye hawakulijua, yaani kinachoendelea chini ya ardhi. Migodini aliona jinsi maji ya mvua yanavyopenya kwenye nyufa za miamba na kutoka kwa matone miezi mingi baadaye. Alikutana pia na hewa mbaya inayozima taa na kuua wachimbaji. Sehemu ya hewa hiyo ni ile tunayoiita leo hewa ukaa, gesi yenye kaboni. Humboldt alitengeneza taa na kifaa cha kupumulia kwa ajili ya wachimbaji, na alipokuwa akiijaribu taa hiyo alizimia chini ya mgodi mpaka mwenzake akamvuta nje. Mwaka 1799 kitabu chake kuhusu gesi za chini ya ardhi kilichapishwa.

Hakuwajali wachimbaji kwa vifaa peke yake. Mwaka 1793, huko Steben, alifungua kwa fedha zake shule ya bure ya wachimbaji, ili vijana wajifunze kusoma, kuhesabu na kuijua miamba waliyokuwa wakiichimba.

Mama yake alifariki Novemba 1796 na kumwachia urithi mkubwa. Humboldt aliacha kazi na kuanza kununua vyombo vya kupimia. Tarehe 5 Juni 1799 alipanda meli katika bandari ya La Coruña, Hispania, akiwa na hati ya ruhusa ya mfalme wa Hispania, vyombo zaidi ya 40, na rafiki yake Mfaransa, mtaalamu wa mimea Aimé Bonpland. Tarehe 16 Julai walitia nanga Cumaná, katika Venezuela ya leo, iliyokuwa koloni la Wahispania.

Nyumba waliyopanga ilitazamana na uwanja wa kuuzia watumwa kutoka Afrika. Humboldt aliwaona wanunuzi wakiwafungua watu midomo na kuwakagua meno kama farasi. Chuki yake dhidi ya utumwa haikumtoka mpaka anaingia kaburini, na tutaona baadaye kwamba hata hesabu ya maji ya ziwa iliguswa na habari ya utumwa.

Ziwa lisilo na mlango wa kutokea

Kutoka Caracas wasafiri hao wawili walishuka katika mabonde ya Aragua. Katikati yake lipo Ziwa Valencia, ambalo wenyeji waliliita Tacarigua. Milima imelizunguka, na vijito vinashuka humo kutoka kila upande. Lakini hakuna mto unaotoka ziwani kwenda baharini. Kinachoingia ni mvua na vijito. Kinachotoka ni mvuke unaochukuliwa na jua na upepo.

Ziwa la namna hiyo ni kama ndoo iliyowekwa chini ya bomba juani. Ukifungua bomba zaidi, ndoo inajaa. Ukilipunguza, maji yanashuka mpaka pale ambapo kinachoingia na kinachokauka vinalingana. Kwa hiyo kina cha ziwa hilo kilikuwa kipimo cha vijito vyote vya milima ile kwa pamoja.

Na kina kilikuwa kinashuka. Visiwa vipya vilikuwa vimejitokeza, na wenyeji wakavipa jina lenye maana hiyo hiyo ya kujitokeza. Wenye mashamba walifurahia ardhi mpya yenye rutuba na kuifuata kwa majembe, lakini walikuwa na hofu. Dhana iliyopendwa ilikuwa kwamba kuna tundu chini ya ziwa, na maji yanatoroka kwa siri.

Humboldt alilitembelea ziwa, akachunguza kingo zake, akapima joto la maji na la hewa, na akalinganisha na viwango vya uvukizi vilivyopimwa mahali pengine. Hitimisho lake ni kwamba tundu la siri halihitajiki kueleza lolote. Jua lilitosha kabisa kukausha kiasi kile, ikiwa maji yanayoingia yamepungua. Na yalipungua kwa sababu mbili ambazo kila mtu angeweza kuziona akiinua macho.

Sababu ya kwanza ni mifereji. Mabonde ya Aragua yalikuwa yamejaa mashamba ya nili, ile mimea inayotoa rangi ya buluu ya kutia nguo, pamoja na miwa, pamba na kahawa. Vijito vilichepushwa kumwagilia mashamba hayo, na maji yaliyotandazwa juani shambani yalikauka kabla ya kufika ziwani.

Sababu ya pili ni miteremko iliyonyolewa. Humboldt alieleza kwamba msitu unapoondolewa, pamoja na vichaka na kuvu mwani wa chini yake, maji ya mvua hayana tena kinachoyazuia. Zamani yalipenya ardhini polepole na kuilisha mito kidogo kidogo. Sasa yanaporomoka juu ya ardhi, yanachimba makorongo, yanabeba udongo na kuleta mafuriko ya ghafla. Mvua ikikatika, kijito nacho kinakatika. Kitanda cha mto kinakuwa kikavu sehemu ya mwaka na chenye hasira sehemu nyingine.

Katika hoja hiyo Humboldt alitenganisha mambo mawili ambayo huwa tunayachanganya. Kuna kiasi cha maji kwa mwaka mzima, na kuna jinsi maji hayo yanavyogawanywa katika miezi ya mwaka. Kijito kinaweza kupitisha maji mengi kuliko zamani kwa hesabu ya mwaka, na bado wananchi wakakosa maji Oktoba, kwa sababu yote yalipita Aprili ndani ya siku chache yakiwa na rangi ya matope.

Maji ya chai ya rangi

Kutoka ziwani, Humboldt na Bonpland walielekea kusini, wakavuka nyika na kuingia mto Orinoco kwa mtumbwi. Wapiga kasia wenyeji ndio waliowapitisha katika maporomoko ya Atures na Maypures, na zaidi ya watu 20 walitumia siku kadhaa kuuburuta mtumbwi msituni kutoka bonde la mto mmoja hadi jingine. Lengo lilikuwa kuufikia Casiquiare, mto wa ajabu unaochota maji ya Orinoco na kuyapeleka Rio Negro, na hatimaye Amazon. Wenyeji na wamisionari walikuwa wakiujua. Humboldt aliupita mwezi Mei 1800 na kuupima mahali ulipo, na wachora ramani wa Ulaya waliokuwa wakibisha wakakosa la kusema.

Njiani aliona kitu kilichomshangaza. Orinoco ulikuwa na maji mazito, yenye udongo, kama chai ya maziwa. Lakini mito kama Atabapo na Rio Negro ilikuwa myeusi ukiitazama kutoka kwenye mtumbwi, na ukiyachota maji yake kwenye glasi yalikuwa maangavu, ya rangi ya dhahabu, kama chai ya rangi iliyochujwa vizuri. Usiku, nyota zilionekana juu yake kama kwenye kioo. Tena kwenye maji meusi mbu walikuwa wachache, jambo ambalo watu waliokuwa wameumwa mchana na usiku hawakuweza kulisahau.

Humboldt alihisi kwamba rangi hiyo inatokana na mimea: majani yaliyooza na kuyeyuka, yakiyapa maji kitu chenye kaboni. Kemia ya wakati wake haikuwa na uwezo wa kulithibitisha hilo kikamilifu. Leo tunajua alikuwa kwenye njia sahihi. Rangi hiyo ni kaboni ya mimea iliyoyeyuka majini. Inatokea pale maji yanapopita katika majani yaliyooza na kisha kwenye mchanga. Udongo wa mfinyanzi huishika rangi hiyo na kuizuia, lakini mchanga hauna uwezo huo.

Siku hizi neno kaboni limezoeleka vijijini kwa sababu ya biashara ya kaboni, na wengi tukilisikia tunawaza miti iliyosimama. Lakini kaboni haisimami. Mti unaivuta kutoka hewani, unaiweka kwenye jani, jani linaanguka na kuoza, na sehemu yake inaingia kwenye kijito. Humo inasafiri kwa namna tatu.

Ya kwanza ni vipande: majani, vijiti na udongo mweusi wa juu. Hivi huondoka hasa kwenye mvua kubwa. Katika vijito vya milimani, mvua chache nzito zinaweza kubeba sehemu kubwa ya mzigo wa mwaka mzima. Kila udongo mweusi unaoshuka na mafuriko ni rutuba ya shamba la mtu na ni kaboni iliyochukua miaka mingi kujikusanya.

Ya pili ni ile iliyoyeyuka, ya rangi ya chai. Wakati wa kiangazi, maji ya kijito yanatoka chini sana, yamechujwa na udongo, na kwa kawaida huwa hayana rangi. Mvua ikiloanisha mlima mpaka udongo ukashiba, maji yanaanza kupita karibu na uso wa ardhi, kwenye tabaka la majani yaliyooza, na hapo kijito kinabadilika rangi hata kama hakuna matope. Kwa hiyo rangi ya maji inaeleza yamepita wapi mlimani.

Ya tatu haionekani, nayo ni gesi, ile ile hewa ukaa iliyokuwa ikizima taa za wachimbaji wa Freiberg na Steben. Mizizi na vijidudu vya udongoni hupumua, gesi inayeyuka kwenye maji ya ardhini, na maji hayo yanapotokeza kwenye chemchemi huwa kama soda iliyofunguliwa. Kijito cha milimani kinaruka mawe na kuchafuka, na gesi inatoka haraka, mara nyingi ndani ya umbali mfupi tu kutoka chemchemi. Makadirio ya kisayansi yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kuwa mito na vijito vya dunia hutoa hewani takriban tani bilioni 1.8 za kaboni kila mwaka, na vijito vidogo vina mchango mkubwa kuliko upana wake unavyoonyesha.

Humboldt hakuzijua hesabu hizi. Lakini aliutazama mto kama kitu kinachobeba habari za mlima mzima, za mwendo wake na za rangi yake pia.

Chimborazo, Paris na habari mpya kutoka ziwani

Safari iliendelea miaka mitano. Tarehe 23 Juni 1802 Humboldt, Bonpland, Carlos Montúfar na mwenyeji mmoja walipanda Chimborazo, mlima wa Ecuador ya leo, ambao wakati huo ulidhaniwa kuwa mrefu kuliko yote duniani. Hawakufika kileleni, lakini walipita mita 5,000, vidole vikiwa vimekufa ganzi. Kutokana na milima hiyo Humboldt alichora mchoro maarufu unaoonyesha mimea ikibadilika kutoka bondeni hadi kwenye theluji, pamoja na joto, hewa na unyevu wa kila kimo. Ulikuwa mlima mzima katika ukurasa mmoja.

Alirudi Ulaya Agosti 1804 na kuishi Paris kwa zaidi ya miaka 20, akitumia urithi wake wote kuchapisha vitabu. Huko alifanya kazi na mwanakemia Joseph Gay-Lussac, na mwaka 1805 walitangaza vipimo vyao vya hewa na vya gesi zinazounda maji.

Kisha zikaja habari kutoka Ziwa Valencia. Mfaransa kijana, Jean-Baptiste Boussingault, alikwenda Amerika ya Kusini mwaka 1822 kwa msaada wa Humboldt. Alipofika ziwani alikuta mambo yamegeuka. Maji yalikuwa yamepanda. Vile visiwa vilivyojitokeza vilikuwa vimezama tena, na mashamba yaliyofuata ukingo yalikuwa chini ya maji.

Katikati hapo kulikuwa na vita vya kujikomboa kutoka kwa Hispania. Mashamba makubwa yalikuwa yameachwa, watumwa wengi wameondoka wakiwa huru au wameingia jeshini, mifereji imekufa, na vichaka vimerudi kwenye miteremko. Hakuna aliyeipanga, lakini historia ilikuwa imemfanyia Humboldt jaribio. Mkono wa binadamu ulipoondolewa, ziwa lilipanda. Wale waliodhani kuna tundu chini yake walikosa hoja.

Alipopatia na alipopitiliza

Hapa ndipo tunapopaswa kuwa waangalifu, kwa sababu hadithi ya Ziwa Valencia imesimuliwa kwa ufupi mno. Watu walichukua nusu ya jibu, ile ya miti, wakaiacha nusu ya mifereji. Ikawa kanuni: panda miti, maji yatarudi. Humboldt mwenyewe aliamini kuwa misitu huongeza maji, na alichangia kuieneza imani hiyo.

Jaribio moja lililofanywa Tanzania linatusaidia kuona upande wa pili. Kuanzia mwaka 1958, watafiti wa Shirika la Utafiti wa Kilimo na Misitu la Afrika Mashariki walipima vijito katika maeneo kadhaa ya Afrika Mashariki, yakiwemo Kericho na Kimakia nchini Kenya. Huko Mbeya walichagua mabonde mawili madogo yaliyo jirani. Moja lilikuwa na msitu wa asili. Jingine lilikuwa limelimwa na wakulima wadogo, tena kwenye miteremko mikali.

Kwa kanuni ile, kijito cha mashambani kilipaswa kukauka. Haikuwa hivyo. Kijito cha mashambani kilitoa maji mengi zaidi kwa mwaka, na hata wakati wa kiangazi kilikuwa kinatiririka zaidi kuliko kile cha msituni.

Maelezo yake ni mepesi. Miti inakunywa. Mizizi mirefu huvuta maji kiangazi chote na kuyatoa kupitia majani, wakati mahindi yaliyovunwa hayanywi kitu. Na udongo wa Mbeya ni wa majivu ya volkano, unanyonya mvua kama sifongo hata ukilimwa, kwa hiyo maji hayakuporomoka juu ya ardhi. Penye udongo unaoziba haraka, ulioshindiliwa na kwato au kuachwa wazi bila majani, matokeo yangekuwa tofauti, nayo yangefanana na yale aliyoyaeleza Humboldt: mafuriko, makorongo, kisha ukame.

Hii haina maana kwamba tukakate misitu ili tupate maji. Msitu wa asili unafanya kazi nyingine. Unaushika udongo usishuke, unalainisha mafuriko, unasafisha maji, na unaiweka kaboni mahali pake. Katika misitu ya mawingu, majani hukamua hata ukungu. Lakini maana yake ni kwamba tusiahidi kisichopo. Kijiji kinachopanda mikaratusi kuzunguka chemchemi kwa matumaini ya kuongeza maji kinaweza kuyapoteza. Ndiyo maana wataalamu husisitiza miti ya asili, ile inayoitwa rafiki wa maji, na ndiyo maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ya Tanzania, katika kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye vyanzo vya maji. Ukanda huo ndio unaoamua kama mvua itaingia kijitoni ikiwa imechujwa au ikiwa na shamba la mtu ndani yake.

Jambo lenyewe ni hili: kabla ya kumlaumu mwenye shoka, lazima tuhesabu pia mwenye mfereji, mwenye pampu, mwenye ng'ombe, aina ya udongo na aina ya mti. Humboldt aliyahesabu mengi ya hayo Februari 1800. Waliomfuata wakabaki na shoka peke yake.

Miaka ya mwisho

Urithi ulipomwishia, Humboldt alirudi Berlin mwaka 1827 kumtumikia mfalme wa Prussia, akilipwa mshahara wa ikulu. Mwaka 1829, akielekea miaka 60, alisafiri zaidi ya kilomita 15,000 katika Urusi hadi karibu na mpaka wa China. Katika kitabu kilichotokana na safari hiyo, mwaka 1843, alitaja njia tatu ambazo binadamu anaweza kubadilisha hali ya hewa: kukata misitu, kubadilisha mgawanyo wa maji, na kutoa mvuke na gesi nyingi kwenye miji ya viwanda. Miaka zaidi ya 180 imepita, na orodha hiyo ingeweza kusomwa katika mkutano wa tabianchi wa mwaka huu.

Mwaka 1845 alianza kutoa kitabu chake kikubwa, Kosmos, alichokusudia kieleze ulimwengu wote kama kitu kimoja kilichoungana. Hakukimaliza. Charles Darwin alisafiri na vitabu vyake melini. Mmarekani George Perkins Marsh, aliyeandika mwaka 1864 jinsi binadamu anavyoharibu ardhi, aliutumia ushahidi wa Ziwa Valencia.

Alibaki mkali kuhusu utumwa mpaka mwisho. Mwaka 1856, kitabu chake kuhusu Cuba kilipotafsiriwa Marekani bila sura inayolaani utumwa, alipinga hadharani magazetini. Mwaka uliofuata, kwa juhudi zake, Prussia ilipitisha sheria kwamba mtumwa yeyote anayekanyaga ardhi yake anakuwa huru.

Humboldt alifariki Berlin tarehe 6 Mei 1859, akiwa na miaka 89, akiwa na madeni, na vitu vyake vingi alimwachia mtumishi wake, Johann Seifert. Alizikwa Tegel, nyumbani kwa utoto wake, baada ya mazishi ya heshima ambayo yalijaza mitaa ya mji.

Kwa kamati za maji na jumuiya za watumia maji zinazotusikiliza, somo lake linaweza kuanza kwa gharama ndogo. Simikeni kijiti chenye alama kwenye kijito chenu, mahali pasipochimbika kwa urahisi. Andikeni kina cha maji kila asubuhi, andikeni na rangi yake: maangavu, chai ya rangi, au matope. Andikeni siku mvua iliponyesha, siku mfereji ulipofunguliwa na siku ng'ombe walipoingia. Baada ya misimu michache, mkutano wa kijiji utakuwa na daftari la kufungua kabla ya kuanza kulaumiana.